Mashahidi wa Kamba ya Nguo

Kwa miaka mingi nilichukia kamba ya nguo ya mama kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote, na katika avenue yetu watu wa kuchukiwa hawakosekani. Ilifungwa kwenye mparachichi upande mmoja, na upande wa pili kwenye nguzo ya mkaratusi ambayo marehemu baba aliisimika mwenyewe mwaka aliponunua kiwanja. Chini yake kulikuwa na ukanda wa ardhi, urefu wa hatua kumi na upana wa hatua mbili, kati ya dirisha la chumba cha mama na kiwanja cha jirani. Juu ya ukanda huo inapita njia, na kwa kuwa Bukavu yote ni mteremko, kila anayepita njiani anaitazama kamba yetu kutoka juu, kama padri anavyowatazama waumini.

Tunakaa Muhumba. Mtu akisikia Muhumba anafikiria nyumba zenye bustani zinazoshuka hadi ziwani na mlinzi mlangoni. Sisi tunakaa Muhumba ile nyingine, ambayo gari halifiki na mvua ikinyesha hata miguu inasita kufika. Lakini kwenye barua za kuomba kazi huwa naandika Muhumba tu, na sijawahi kuulizwa ni ipi.

Watu wa avenue yetu hawasomi gazeti. Wanasoma kamba. Mashuka yakizidi, wanajua wageni wameingia kutoka Katana. Mashuka yakifuliwa Jumanne badala ya Jumamosi, wanajua kuna mgonjwa, na kabla ya saa sita mtu amekuja kubisha hodi na ndizi mkononi ili aone ni nani. Gauni jeupe la mtoto ni komunyo. Suruali wasiyoijua ni mjadala wa wiki nzima. Mama hakuona ubaya wowote. Alikuwa na utaratibu wake: mashuka upande wa njiani, vikwembe, yaani vitenge vyake, vikifuata, na nguo za ndani katikati, zimefunikwa na kikwembe chepesi ambacho upepo wa ziwani ulikiinua kila baada ya dakika mbili. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, niliolewa, nikaachika, na ninaishi kwa mama yangu. Habari zangu zote, tangu nepi, zilitangazwa pale bila mimi kuulizwa.

Basi ukombozi wangu ulikuja kazini. Nilikuwa katibu wa mradi mmoja wa wageni uliokuwa ukifundisha watu wa milimani namna ya kuishi na mvua. Watu wenyewe walikuwa wakiishi na mvua tangu babu zao, lakini walikuja kwenye mafunzo kwa sababu kulikuwa na soda. Mradi ulipokwisha, mkubwa wangu alianza kugawa na kuuza vitu vya nyumbani, kama wanavyofanya wageni wote wanaoondoka: viti vya bustani, mashine ya kahawa, godoro la mbwa. Vyote vilipata wenyewe. Kilichobaki ni mashine ya kukausha nguo, nyeupe, nzito, yenye dirisha la duara kifuani. Nyumbani kwake niliiona ikizunguka katikati ya kiangazi, jua la Mungu likiwaka barazani hatua tatu kutoka hapo. Akanipa kama ukumbusho. Nilishukuru hadi nikaona aibu.

Wanaume wanne waliipandisha mlimani, wakipumzika kila kona na kulaani. Mama aliizunguka mara mbili.

"Inakaushaka na nini?"

"Na courant, maman."

"Na courant ikikosa?"

Nilimjibu kwa Kifaransa, lugha ninayoitumia nikiwa sina jibu.

Ikawekwa sebuleni, kati ya makochi, maana penginepo haikuenea. Mama akaitandikia kitambaa cha kufuma na juu yake akasimamisha Bikira Maria. Tatizo lilikuwa umeme. Umeme wa nyumba yetu huja kama mjomba mwenye makosa: hausemi saa, na ukifika haukai. Siku ya kwanza mashine ilizunguka mara tatu, taa za nyumba nne zikazimika, na watu wa nyumba hizo nne wakaja kututembelea kwa sauti za juu.

Hapo ndipo alipojitokeza papa wa étage.

Papa wa étage ni yule jirani wa upande wa pili wa ukanda. Tulimwita hivyo kwa sababu kwa miaka kumi alikuwa akijenga ghorofa. Ya chini ilikuwa imekwisha na anaishi humo. Ya juu ilikuwa bado ni vyuma vilivyosimama vikisubiri zege, na vimesubiri sana. Mara kwa mara alimwomba mama aondoe kamba, kwa kuwa wapangaji aliowatarajia huko juu watakuwa watu wa mashirika, na mtu wa shirika hawezi kunywa kahawa akitazama mashuka ya mjane. Mama alimjibu kwamba mtu wa shirika anaweza kutazama upande wa ziwa.

Sasa alikuja akitabasamu. Aliisifu mashine, akagonga ubavu wake kwa vidole kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Maman, weye umeshazeeka, na kila siku unakimbizana na mvua. Hapana! Mi niko na courant ya kutosha, iko na ligne yake. Nitawapatia fil. Ya bure."

Siku hiyohiyo fundi wake alivuta waya kutoka kwake hadi kwetu. Nilimwambia mama, huyo ndiye Mkristo, si wale wanaoimba kwaya na kufunga milango. Mama akaniuliza swali moja tu.

"Toka lini huyu anatupendaka?"

Nilimwonea aibu mama yangu. Nilisema kwamba umaskini umemfundisha kumshuku kila mtu, na nikalisema kwa sauti ya semina. Kesho yake, Jumamosi, nilipanda kwenye jiwe, nikafungua kamba kwenye nguzo, nikaifungua kwenye mparachichi, nikaizungusha na kuitupa chini ya meza ya jikoni. Mikono yangu mwenyewe ndiyo iliyofanya hivyo.

Mwezi wa tisa mvua zilirudi, na wakati avenue nzima ilikuwa ikinuka nguo mbichi, sisi tulikuwa wakavu. Watu walikuja kuitazama mashine. Walikaa kwenye makochi wakitazama dirisha la duara kama wanatazama mpira, na soksi ikipita mtu husema, "Ile ni ya nani?" Kwa hiyo nguo zangu za ndani, nilizozitoa barabarani, zilikuwa sasa zikionyeshwa sebuleni kwa waliokaa vizuri. Hata hilo sikuliona. Kikwembe cha mama cha sikukuu ya wanawake kiliingia kikiwa na urefu wa kufika kifundo cha mguu, kikatoka kinafika chini kidogo ya goti.

"Hii haikaushake," mama alisema. "Inapikaka."

Huko nje ukanda ulikaa mtupu. Majani yakaota. Mwanamke anayeuza makaa ng'ambo ya njia, ambaye meza yake inatazamana na mparachichi wetu na ambaye kwa miaka yote alikuwa msomaji mkuu wa kamba, alinisimamisha siku moja nikitoka kazini, maana nilikuwa nimepata kazi nyingine ya ukatibu.

"Muko wazima kwenu?"

"Tuko wazima."

"Ah. Hatukuwa tunajua."

Niliona ni ushindi.

Ushindi ulidumu hadi katikati ya masika. Jumatatu moja asubuhi, mama aliamshwa na kishindo chini ya dirisha lake. Alipofungua, mafundi wawili walikuwa wakimwaga mawe ya msingi kwenye ukanda. Nguzo ya baba ilikuwa imeng'olewa na kulazwa kando, na uzi wa fundi umevutwa kutoka shimo lake hadi kwenye mparachichi, umenyooka vizuri, karibu upitie ndani ya chumba cha mama. Papa wa étage alikuwa amesimama na mikono nyuma.

"Papa, juu ya nini unajenga kwetu?" nilimuuliza sababu.

"Kwenu wapi? Hapa fasi, hii nafasi, haina mutu. Mbele kulikuwa kamba. Sasa kamba haiko. Mutu anaona majani tu."

Alilisema bila hasira, kama mtu anayemfafanulia mtoto hesabu. Jioni ile waya wake wa umeme ulipata hitilafu, na hadi leo hitilafu hiyo haijapona.

Yeyote anayeijua Bukavu anajua kilichokuwa kinatungoja. Ukuta ule ungesimama mkono mmoja kutoka dirishani, na maji yote ya bati la ghorofa yangeshuka kati ya ukuta na msingi wetu. Huku nyumba haibomolewi na nyundo. Inabomolewa na maji ya jirani, polepole, mvua baada ya mvua, hadi asubuhi moja chumba kinakutwa kwenye paa la watu wa chini. Na chumba cha kwanza kuondoka kingekuwa cha mama. Nilijua hayo yote, na nilijua nani alifungua kamba. Usiku sikulala, lakini hata kulala kungenisaidia nini.

Mama alimwita chef d'avenue, mkuu wa mtaa wetu. Akaja Alhamisi, na kiti chake cha plastiki, daftari lake, na kofia aliyoivaa kwa ajili ya mambo ya serikali. Aliweka kiti katikati ya ukanda, juu ya majani, na avenue yote ikajipanga njiani kama jukwaani.

Kwanza karatasi. Mama alitoa karatasi ya baba, imekunjwa hadi inakatika, yenye mhuri. Papa wa étage alitoa yake, mpya, yenye mihuri miwili na saini ndefu. Chef alizisoma zote kwa makini, akazishika mkono huu na mkono huu.

"Hizi zote ni muzuri," alisema. "Hii inasema fasi iko ya maman. Na hii inasema iko ya papa. Bureau imewapatia wote." Akazirudisha. "Sasa mi nitauliza avenue. Hapa fasi, nani alikuwaka anaitumia?"

Muuza makaa aliinuka. Alipangusa mikono kwenye kitenge chake, ambacho kilikuwa cheusi kuliko mikono yenyewe, na akaanza kutoa ushahidi. Sijawahi kusikia maisha yangu yakisimuliwa vizuri namna ile. Alianza na ovaroli ya baba ya kiwandani, iliyoanikwa kichwa chini. Akaja kwenye nepi zangu. Akaja kwenye sare yangu ya shule, bluu na nyeupe, na mwaka ambao sketi iliongezwa kipande kwa sababu nilirefuka na hela haikurefuka. Akataja vitambaa vidogo vya miezi yangu ya kwanza.

"Hapo njo tulijua mutoto amekomaa," alisema, na wazee wawili wakatikisa kichwa kukubali, kwamba ndiyo, hata wao walijua.

Chef aliandika. Nilikuwa natazama kiatu changu. Akataja komunyo, akataja mashuka ya harusi yangu na maua yake, na mtu wa nyuma akasahihisha rangi ya maua.

"Papa chef!" papa wa étage alipaza sauti. "Hayo yote ni ya zamani! Hata mi nilikuwaka mutoto. Tuongelee hii miaka ya nyuma tu. Toka nilianza étage, kulianikwa nini hapa? Vikwembe vya huyu muzee viwili? Hiyo ni kutumia fasi?"

Chef alimgeukia muuza makaa. Mwanamke yule alipangusa tena mikono kwenye kitenge. Alinitazama mimi, si chef.

"Maman, sema," chef alimhimiza.

"Vikwembe vya maman," alisema taratibu. "Na nguo za binti yake. Na... chemise za bwana wa binti yake. Kila Siku ya Posho."

"Bongo! Anadanganya!" Papa wa étage alipiga makofi kwa furaha. "Bwana gani? Ule alikwenda Shabunda mwaka nilimwaga fondation! Hajarudi! Kama huyu shahidi anaona chemise za mutu haiko, basi hata kamba ameiota!"

Watu wakageuka kunitazama, wote kwa pamoja.

Ni kweli mume wangu, ambaye tulikaa naye hapa kwa mama, alikwenda Shabunda kutafuta dhahabu. Alisema atarudi Noeli. Mwezi wa tatu nilijua kwamba huko ana nyumba, na katika nyumba hiyo kuna mwanamke, na mwanamke ana mimba. Nilimwambia mama, na zaidi ya mama sikumwambia mtu. Chemise hizo ni mashati matatu aliyoyaacha: jeupe, la mistari ya bluu, na moja la kijani. Kila Jumamosi, hiyo Siku ya Posho, niliyafua na kuyaanika. Wiki moja jeupe na kijani, wiki nyingine yote matatu, wiki nyingine la mistari peke yake pamoja na soksi, ili ionekane kwamba mtu anakwenda na kurudi kama waume wengine wa machimboni. Nilifanya hivyo mwaka mmoja na miezi minane. Niliamini nimewaweza watu wa avenue, na ndiyo maana niliichukia ile kamba: ndiyo iliyonitumikisha. Nilipochoka nikasema ameniacha juzi tu, nao wakanipa pole ya juzi.

"Maman," chef aliniambia, "ni kweli hii kitu huyu shahidi anasema?"

Ningekataa, aibu yangu ingebaki ndani. Na muuza makaa angekuwa mwongo mbele ya watu, na ushahidi wake wote, tangu ovaroli ya baba, ungekwenda na maji. Nilimtazama mama. Alikuwa amesimama dirishani mwake, ndani ya chumba kile, na hakunipa ishara yoyote. Nilimkasirikia kwa hilo, kisha nikaelewa kwamba alikuwa ananionea huruma.

"Ni kweli," nilisema. "Bwana yangu hakukuwa. Nilikuwaka nafula chemise zake na naanika hapa. Kila Siku ya Posho."

Hakuna aliyecheka. Papa wa étage peke yake ndiye aliyesema.

"Umesikia, chef! Yeye mwenyewe anakubali. Ni udanganyifu! Nguo zenye hazina mutu wa kuvaa, haiwezi kuhesabiwa!"

Chef alivua kofia, akajikuna, akaivaa tena.

"Zilikuwaka zinatoka maji?"

"Zilikuwa zinatoka," nilisema.

"Zinatonya wapi?"

"Hapa. Chini ya miguu yako."

"Basi zilianikwa," alisema, na akaandika hivyo, akitamka kila neno. "Sheria haisemi nguo iko ya nani. Fasi iko ya mwenye kuanika. Papa, utatoa mawe yako leo, na utasimamisha tena ile nguzo. Na madirisha ya étage yako, uyapeleke upande wa ziwa."

Mafundi walianza kubeba mawe mchana uleule. Nguzo ilirudishwa shimoni, imepinda kidogo, na mama akalala mapema kwa mara ya kwanza wiki ile. Mashine bado iko sebuleni. Tunatunzia humo maharage, kwa kuwa mlango wake unafunga vizuri na panya hawajaujua, na Bikira Maria hajashuka.

Siku iliyofuata hukumu, jioni nikitoka kazini, nilisimama kwa muuza makaa. Nilikwenda kumshukuru, lakini kilichotoka mdomoni kilikuwa kingine.

"Toka lini mulijua?"

Alikuwa akipima makaa kwa kopo, na hakuacha kupima.

"Toka mwanzo. Chemise yenye kuvaliwa inachafukaka hapa shingoni, ku col. Zile zako hazikuwa na uchafu. Ulikuwaka unafula nguo safi."

"Avenue yote ilijua?"

"Eh, yote."

"Na hakuna mutu aliniambia!"

"Tukuambie nini, mutoto wangu?" Aliweka kopo chini. "Siku zingine mvua ilikuwaka inakuja, na weye uko kazini, na maman yako hawezi kukimbia na ile goti. Mi njo nilikuwaka nazitoa kwenye kamba. Nilianzaka na zile chemise, mbele ya kutoa mashuka. Ile moja ilikuwa nyeupe. Nilikuwaka nanawa mikono kwanza."

Wakati wote huo nilikuta mashati yamekunjwa juu ya kiti cha barazani, makavu, bila doa, nikadhani ni mama. Niliketi juu ya gunia lake la makaa, na sketi yangu ya kazi, nikalia waziwazi mbele ya njia. Watu walikuwa wakirudi kutoka sokoni na bombani, avenue nzima. Walinisalimu kama siku zote, wakapita, na hakuna aliyegeuka kutazama.